Selform: kwa nini mtoto mwenye daraja la kwanza hukosa shule aliyoitaka

Kila orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano inapotoka, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, maswali ni yale yale kutoka Mwanjelwa ya Mbeya hadi Miyomboni ya Iringa. Mtoto ana daraja la kwanza, mbona kapelekwa shule ambayo hata jina lake hatujawahi kulisikia? Wa jirani ana daraja la pili, mbona yeye kapata Iyunga? Aliomba kombi ya masomo ya PCB, mbona kapewa ya CBG? Na kuna nyumba ambazo jina la mtoto halionekani kabisa, wakati alifaulu.

Majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huwa mawili: ni bahati tu, au kuna watu wana mtu wao TAMISEMI, ofisi inayowapangia watoto shule. Yote mawili yanamtoa mzazi kwenye jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya kinachoonekana Juni imeshaamuliwa na kilichoandikwa kwenye Selform, fomu ya machaguo ya mwanafunzi, na kuna wiki chache baada ya matokeo kutoka ambapo mwanafunzi anaruhusiwa kuirekebisha. Wiki hizo wengi wanaziacha zinapita, na ndipo nafasi nyingi nzuri zinapopotelea.

Nani anafanya nini

Baraza la Mitihani, yaani NECTA, linatunga mtihani wa kidato cha nne, linausahihisha na kutangaza matokeo, kwa kawaida mwezi Januari. Kazi yake kwenye jambo hili inaishia hapo. Anayempangia mtoto shule ni Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ndiyo TAMISEMI. Kwa hiyo mzazi mwenye malalamiko ya kupangiwa shule akipiga simu NECTA anapoteza vocha, na mwenye tatizo la alama akienda TAMISEMI anapoteza nauli.

Selform ni fomu ya mtandaoni ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaandikia machaguo yake: tahasusi anazotaka, shule anazotaka kuzisomea, na kozi za vyuo anazoziona zinamfaa. Huijaza kwa mara ya kwanza akiwa bado shuleni, kabla ya mtihani. Tahasusi ni ule mkusanyo wa masomo makuu matatu ya kidato cha tano na sita, wenyewe wanaita kombi: PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati, PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia, HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza, HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza, EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati.

Tusichanganye na milango mingine ya shule za serikali. Darasa la kwanza mzazi anakwenda mwenyewe shule ya jirani na cheti cha kuzaliwa, anaandikisha. Kidato cha kwanza, wachache wenye alama za juu sana huenda shule za bweni za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, au za ufundi kama Iyunga na Ifunda. Wengi waliobaki hupangiwa shule ya kutwa ya kata yao au ya jirani, na mzazi hana nafasi kubwa ya kuchagua. Kidato cha tano ndipo machaguo ya mwanafunzi yanapokuwa na uzito. Halafu ni nchi nzima. Kukulia Soweto ya Mbeya hakumpi mtoto haki ya kusoma Sangu, na aliyekulia Songea anaweza kuikuta nafasi yake Kantalamba, Sumbawanga.

Pointi: kidogo ndiyo bora

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo, kwa hiyo twende taratibu.

Alama ya A inaanzia 75 na ina pointi 1. B inaanzia 65, pointi 2. C inaanzia 45, pointi 3. D inaanzia 30, pointi 4. Chini ya 30 ni F, pointi 5. Mwanafunzi anahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa, inapatikana daraja: 7 hadi 17 ni la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne.

Ili mtoto aingie kwenye mchujo wa kidato cha tano cha serikali, vigezo vya TAMISEMI vimekuwa hivi: awe na angalau masomo matatu yenye A, B au C, yaani krediti tatu, jumla ya pointi za masomo saba isizidi 25, pointi za masomo matatu ya tahasusi yake ziwe kati ya 3 na 10, na asiwe na F katika somo lolote kati ya hayo matatu, na umri usizidi miaka 25.

Ukivitazama kwa karibu, vigezo hivyo vinashikana. C tatu na D nne zinatoa 9 na 16, jumla 25 kamili. Huyo ndiye mwanafunzi wa mwisho kabisa anayeweza kupenya. Kwenye tahasusi, C mbili na D moja zinatoa 10 kamili. Kwa hiyo inaruhusiwa kuwa na D moja ndani ya kombi, ila ukiwa na D hiyo, masomo mengine mawili lazima yakubebe.

Sasa lile swali la daraja la kwanza kushindwa na daraja la pili. Chukua vijana wawili wa kubuni, Lusajo na Baraka, wote wanataka PCB katika shule ileile. Lusajo ana A ya Historia, A ya Kiswahili, B za Kiingereza, Jiografia, Uraia na Baiolojia, C ya Kemia, D ya Fizikia na F ya Hisabati. Masomo saba bora yanatoa pointi 13, daraja la kwanza safi, na nyumbani kuku amechinjwa. Baraka ana B za Fizikia, Kemia na Baiolojia, C za Hisabati, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza, na D za Uraia na Historia. Zake ni pointi 18, daraja la pili.

Hesabu PCB tu. Lusajo: Fizikia 4, Kemia 3, Baiolojia 2, jumla 9. Baraka: 2, 2, 2, jumla 6. Kwenye kombi hii Baraka yuko mbele mbali, hata kama cheti cha Lusajo kinang'aa zaidi ukutani. Lusajo anaruhusiwa kuomba PCB, maana 9 haijavuka 10 na hana F ndani yake, lakini anaingia akiwa karibu na mkia wa foleni. Kwenye CBG angekuwa na 7. Kwenye HGL angekuwa na 5, na HKL 4. Kijana huyu akiomba HKL au HGL anagombea shule kubwa akiwa miongoni mwa wa mbele. Akiomba PCB kwenye shule hizo hizo anasubiri mabaki.

Daraja, basi, linamwingiza mtoto uwanjani. Kinachomgombania shule ni pointi za masomo matatu ya kombi aliyoomba.

Jinsi mtoto anavyofika kwenye shule fulani

Mambo matatu hukutanishwa: ufaulu, machaguo na nafasi zilizopo. Fikiria stendi kuu ya Mbeya alfajiri, mabasi yamepangwa, kila basi lina viti vyake na halizidishi hata kimoja. Abiria wanaitwa kwa mpangilio wa pointi zao, kila mmoja ameshika karatasi aliyoandika mabasi anayoyataka, la kwanza, la pili, na kuendelea. Ukifika zamu yako na basi la kwanza lina kiti, unapanda. Limejaa, unaangaliwa la pili. Yote uliyoandika yakiwa yamejaa, hufukuzwi stendi kama bado una sifa ya kusafiri. Unawekwa kwenye basi lolote lenye kiti linalobeba watu wa aina yako. Ndiyo maana watoto wanajikuta shule ambayo hawakuiandika popote.

Utaona mara moja tatizo la karatasi yenye mabasi yanayogombaniwa tu. Majina makubwa ya nyanda za juu kusini, Iyunga, Loleza, Sangu na Rungwe kwa upande wa Mbeya, Tosamaganga, Malangali, Ifunda na Iringa Wasichana kwa upande wa Iringa, yanaandikwa na watoto kutoka kila kona ya nchi. Mwanafunzi mwenye pointi 9 za kombi akijaza majina hayo matupu kuanzia juu hadi chini, ni sawa na kuwaambia wapangaji wamchagulie wao. Orodha yenye akili inaanza na shule anayoitamani kweli, hata kama ni ngumu, kisha inashuka: shule ambayo watu wa pointi zake hupangwa, na mwishoni shule au mbili mpya zenye kombi ileile ambazo hazina msongamano. Nyingi ya shule hizo mpya zina walimu wale wale waliohitimu vyuo vile vile, na mtoto anayejituma anatoka na daraja lake.

Shida hii si ya Tanzania peke yake. Jiji la New York, kabla ya mageuzi ya mwaka 2003, liliruhusu mwanafunzi kuorodhesha shule tano tu za sekondari, na zaidi ya 30,000 kwa mwaka waliishia kupangiwa shule ambazo hawakuziandika. Mfumo ulipoundwa upya kwa msaada wa wachumi, akiwamo Alvin Roth aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, wanafunzi wakaruhusiwa kuandika hadi 12, na idadi ya waliotupwa nje ya orodha zao ikashuka sana. Mfumo wao si wetu, lakini orodha fupi au yenye majina ya aina moja humwangusha mtoto kokote.

Dirisha la marekebisho

Selform ya kwanza hujazwa gizani. Mwanafunzi hajui atapata nini kwenye Fizikia. Shule nyingine wanajaza darasa zima kwa siku moja kwenye kompyuta mbili, foleni ndefu, mtoto anatazama alichoandika mwenzake na kukinakili ili amalize. Wengine waliandika PCM mwezi wa saba na Januari wanaletewa F ya Hisabati. Fomu hiyo ikiachwa ilivyo, chaguo hilo limekufa hata kabla ya mchujo kuanza.

Ndiyo maana TAMISEMI hufungua mfumo tena baada ya matokeo ili wahitimu wabadili tahasusi, shule na kozi. Kwa kawaida tangazo hutoka kati ya Machi na Aprili, na dirisha hukaa wazi kwa wiki kadhaa. Hakuna malipo. Anayekudai hela "ya mfumo" anajilipa mwenyewe. Steshenari ina haki ya kukutoza muda wa intaneti na karatasi za kuchapisha, basi.

Kabla ya kugusa kompyuta, kaeni na matokeo na kalamu. Andikeni pointi kando ya kila somo. Kila kombi mnayoifikiria, jumlisheni masomo yake matatu. Yenye F ifuteni. Yenye zaidi ya 10 ifuteni. Zilizobaki zipangeni kuanzia yenye pointi chache. Kazi hiyo ni ya nusu saa na ndiyo inayoamua zaidi kuliko kitu kingine chochote mtakachofanya mwezi huo.

Halafu mwanafunzi anaingia selform.tamisemi.go.tz kwa namba yake ya mtihani. Hapa watu hukwama kwenye jambo dogo sana. Kwenye matokeo ya NECTA namba huandikwa kwa mkwaju: herufi S, tarakimu nne za shule, mkwaju, tarakimu nne za mtahiniwa. Mfumo wa Selform unaitaka kwa nukta na mwaka mwishoni: S na tarakimu nne, nukta, tarakimu nne, nukta, mwaka wa mtihani, bila nafasi katikati. Ukiandika kwa mkwaju inakataa, na watu wanadhani mtoto ameondolewa kwenye mfumo.

Anayejisajili upya ataulizwa taarifa za kumthibitisha, kama jina la mwisho, mwaka wa kuzaliwa na alama aliyopata katika somo fulani. Vyote vinalinganishwa na vilivyoandikwa wakati wa usajili wa mtihani. Kama shule iliandika mwaka wa kuzaliwa tofauti na wa kwenye cheti chenu, mfumo unaujua wa shule. Usibahatishe mara kumi. Nenda kwa mwalimu wa taaluma akuoneshe kilichosajiliwa.

Nywila iwe ya mtoto, iandikwe kwenye daftari la nyumbani. Hili la steshenari linaumiza wengi: kijana wa kompyuta anaweka nywila yake mwenyewe, anaweka na namba yake ya simu, anawajazia watoto hamsini kwa siku, na wiki mbili baadaye mkitaka kubadili chaguo hamkumbuki mlijaza duka lipi. Ingieni wenyewe kwa simu ya mfukoni kama mnayo. Mkienda dukani, mwanafunzi akae mbele ya kioo na aandike yeye.

Ndani ya mfumo, angalia kwamba shule unayoichagua ina kombi hiyo na inapokea jinsia yako. Ukimaliza, hifadhi, toka kabisa, kisha ingia upya uone kama mabadiliko yamekaa. Chapisha au piga picha ukurasa wa mwisho. Na usingoje siku tatu za mwisho, maana nchi nzima inakuwa inaingia kwa wakati mmoja na mtandao unakwama.

Kombi ipi?

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, zikawa 65, katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Kuongezeka huko kumefungua njia kwa watoto wengi ambao zamani walilazimishwa kwenye sanduku lisilo lao. Lakini si kila shule ina kila kombi, na kombi mpya huwa na shule chache. Kabla ya kuichagua, tazama inafundishwa wapi na mwisho wake ni kozi gani chuo kikuu.

Kosa linalojirudia zaidi ni la ndoto ya udaktari. Shahada ya udaktari wa binadamu inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu kidato cha sita. CBG haina Fizikia, kwa hiyo haifiki huko, hata mtoto apate A tatu. Mzazi anayemwambia mwanawe "chukua CBG, ni sayansi vilevile, utasoma udaktari" anampoteza miaka miwili. CBG ni kombi nzuri kwa kilimo, mazingira na ualimu wa sayansi, na hapa kwetu kwenye chai, viazi, parachichi na misitu, hiyo si zawadi ndogo. Ila ichaguliwe kwa sababu zake.

Upande wa pili, mwenye D ya Fizikia anayelazimishwa PCB ili familia ipate daktari anaingia kwenye Fizikia ngumu maradufu ya ile iliyomshinda. Kama moyo wake uko kwenye tiba, ipo njia ya stashahada ya tabibu, ya miaka mitatu, ambayo inaangalia ufaulu wa kidato cha nne katika Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D inakubalika. Akifanya vizuri anaendelea na shahada.

Hapo tunafika kwenye imani nyingine ambayo ni vizuri iachwe: kwamba chuo ni cha walioshindwa kidato cha tano. Selform ina sehemu ya vyuo na inapaswa kujazwa kwa uzito uleule. Mwanafunzi mwenye Hisabati na Fizikia nzuri anayejua anataka uhandisi anaweza kwenda moja kwa moja stashahada ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, akatoka baada ya miaka mitatu akiwa fundi sanifu mwenye ujuzi mkononi, na akiwa na wastani wa 3.0 au zaidi akaomba shahada. Bajeti ya 2023/24 ilifuta ada kwa wanaochaguliwa vyuo vitatu vya ufundi: DIT ya Dar es Salaam, ATC ya Arusha na MUST yenyewe. Vyuo vingine vingi kwenye orodha hiyo vina ada, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuviandika, isije ikawa mtoto kapangwa na nyumbani hakuna uwezo.

Na wapo wanaosema mtoto aliyesoma sekondari binafsi hapangwi serikalini. Anapangwa. Anajaza Selform ileile na anapimwa kwa pointi zile zile.

Baada ya jina kutoka

Jina likionekana, pakueni fomu ya maelekezo ya kujiunga ya shule husika siku hiyo hiyo. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini fomu ina orodha yake: sare, godoro na shuka, ndoo, vifaa vya usafi, karatasi za kuchapishia, vifaa vya maabara kwa wa sayansi, na nauli ya kwenda. Kuna ukurasa wa uchunguzi wa afya unaojazwa hospitalini, na huu ndio unaosahaulika hadi usiku wa safari. Wekeni pamoja cheti cha kuzaliwa, matokeo na picha ndogo.

Kuripoti huwa mwanzoni mwa Julai. Kwa wanaokuja nyanda za juu kusini kutoka Pwani au Kanda ya Ziwa, huo ndio mwezi wa baridi kali. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na bweni la Tosamaganga au Rungwe usiku wa Julai si mahali pa shuka moja. Blanketi zito na sweta ya rangi iliyoandikwa kwenye fomu vinunuliwe kabla ya safari.

Heshimuni tarehe ya mwisho ya kuripoti. Asiyefika kwa wakati anahesabiwa kuwa ameiacha nafasi, na nafasi hizo ndizo zinazojazwa kwenye awamu ya pili. Hii inawahusu wazazi wawili tofauti. Yule ambaye jina la mtoto halikutoka, ajue kwamba awamu ya kwanza haijamaliza habari: kama vigezo vyote anavyo, afuatilie tangazo la awamu ya pili, na wakati huohuo aangalie upya alichojaza, maana mara nyingi kombi zote alizoomba zilikuwa na F au zimevuka 10. Na yule ambaye shule haikumpendeza, asimbakishe mtoto nyumbani akisubiri uhamisho. Aripoti kwanza.

Uhamisho upo, lakini unaanzia kwa barua ya mzazi kwenda kwa mkuu wa shule aliyopangiwa mtoto, inapita kwa maafisa elimu, na shule inayoombwa lazima iwe na nafasi kwenye kombi ileile. Sababu ya ugonjwa iende na karatasi za hospitali. "Ni mbali na nyumbani" peke yake haina nguvu, maana hiyo ni hali ya karibu kila mtoto aliye bwenini. Kubadili kombi ndani ya shule ileile huwa rahisi kidogo: mwanafunzi akienda kwa mwalimu wa taaluma wiki ya kwanza akiwa na pointi zinazoruhusu, na darasa likiwa na nafasi, linazungumzika. Wiki ya sita, wenzake wakiwa wameshafika sura ya tatu, mlango huo huwa umefungwa.

Anayekuja na maneno kwamba anaweza kuingia kwenye mfumo abadilishe jina la shule kwa laki mbili au tatu, mwacheni apite. Mara nyingi anachofanya ni kusubiri awamu ya pili itoke. Mtoto akipangwa kwa sifa zake mwenyewe, yeye anadai kazi ni yake, na asipopangwa simu haipokelewi tena.

Kwa mwenye daraja la nne, kidato cha tano cha serikali hakipo mwaka huo. Shule binafsi nazo haziwezi kumsajili mtihani wa kidato cha sita bila krediti tatu, hata zikipokea ada yake, kwa hiyo mzazi aulize hilo kwanza kabla ya kulipa. Njia alizonazo ni kurudia mtihani kwa masomo yaliyomwangusha, au kozi za cheti na ufundi stadi zinazopokea ufaulu wa D nne, na maombi ya kozi hizo yana tarehe zake, ambazo mara nyingi zinapita wakati nyumbani bado wanabishana.